Jumamosi za Kusomeana

Wiki iliyopita nilihudhuria mafunzo ya mawakili nikiwa jikoni kwangu, nakaanga vibua. Ndiyo, jikoni. Kompyuta nimeiegesha juu ya friji, kamera nimeizima, sauti nimeizima, jina langu linaonekana pale kwenye kioo kama la mtu mwenye heshima zake, na mtoa mada yuko sijui mji gani anaeleza kodi za makampuni ya madini. Bagamoyo hatuna mgodi. Tuna chumvi, tuna samaki, tuna viwanja vinavyouzwa kwa watu watatu kwa wakati mmoja. Lakini alama ni alama. Bila alama za mafunzo leseni ya uwakili haihuishwi, na bila leseni itabidi hao vibua nikawauze badala ya kuwala. Basi nikageuza samaki, nikamwacha bwana wa watu aendelee na madini yake.

Mafuta yakanirukia mkononi. Nikasema astaghfirullah, nikauweka mkono kwenye maji, na pale pale nikaisikia kichwani sauti ya mtu ambaye sasa ni marehemu: "Wakili msomi, umeelewa nini? Nisimulie." Ukweli ni kwamba sikuwa nimeelewa kitu. Nikazima jiko, nikakaa kwenye kigoda, na zile Jumamosi zetu zikanijia zote kwa pamoja.

Zamani kidogo, kabla mambo hayajahamia mtandaoni, alama tulizifuata Dar. Unaamka alfajiri, unavaa suti ya kesi kubwa, unakwenda kukaa kwenye ukumbi wa hoteli ambao kiyoyozi chake kinakutia mafua. Mlangoni unapewa mkoba wa kitambaa, kalamu na daftari, na unasaini karatasi ya mahudhurio. Kusaini ndiko kulikotupeleka. Ikifika chai ya saa nne, nusu ya ukumbi hamna. Huyu kakimbilia mahakamani, yule kenda benki. Mimi mwenyewe nimewahi kusaini nikatokomea Kariakoo kutafuta vitenge. Sijivuni, nasema tu. Waliobaki walifundishwa jinsi makampuni mawili makubwa yanavyoungana kuwa moja. Tunarudi Bagamoyo mikoba imejaa makaratasi, na Jumatatu asubuhi mlangoni pa ofisi amekaa mzee wa watu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule, anauliza habari za shamba la marehemu kaka yake.

Tulikuwa mawakili saba mjini wakati huo. Mmoja wao, jirani yangu wa ofisi, ni pande la mtu, ana mdomo wa kumuuzia mvuvi samaki. Siku moja, tumerudi Dar na mafua yetu, akaniambia, "Dada, hivi sisi tunafundishwa kazi ya nani?" Akaandika barua kwa chama chetu cha mawakili. Akaomba mawakili wa Bagamoyo turuhusiwe kuwa na mafunzo yetu wenyewe, yaliyoshonwa kwa kipimo chetu, yahusu mambo tunayokutana nayo sisi: mirathi, ardhi ya kurithishana kwa mdomo, karatasi za serikali za vijiji, wateja wanaoweka dole gumba. Sikutegemea jibu. Jibu likaja, tena zuri: sawa, tungeni mtaala, tafuteni mkufunzi mwenye sifa, muwe na orodha ya mahudhurio, alama mtapata.

Mkufunzi mwenye sifa tulikuwa naye mmoja tu, na wote saba tulikuwa tunamwogopa. Alikuwa hakimu, kastaafu, kajirudia kwao Kaole anafuga bata. Hata baada ya kustaafu hakuna aliyethubutu kumwita kwa neno jingine zaidi ya Mheshimiwa. Naye alituita mawakili wasomi, kama inavyosemwa mahakamani, ila yeye alilitamka lile "wasomi" kwa namna ambayo ulitamani urudi shule ya msingi.

Tulikwenda kumwona watatu. Akatusikiliza huku anawamwagia bata pumba, akasema atakubali ila kwa utaratibu wake. Orodha ya mahudhurio itasainiwa wakati wa kuondoka, si wakati wa kuingia. Hapo jirani yangu akanitazama, tukajua tumekamatika. Halafu Mheshimiwa akasema kila mmoja atakuja na jalada lake mwenyewe, majina yamefutwa kwa wino mweusi, na liwe jalada aliloliharibu.

"Mliyoshinda mnasimuliana kila siku barazani," alisema. "Hayo siyahitaji. Nataka mliyoharibu. Mficha uchi hazai."

Tukakodi chumba cha kulia chakula cha nyumba ya wageni iliyoko njia ya Kaole, Jumamosi moja kila mwezi, mara sita. Meza za plastiki, pangaboi linalolalamika, na ukutani dirisha dogo la jikoni ambalo mpishi alitupitishia chai. Mpishi alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa mashamba ya kaskazini, huku huku pwani, hana mchezo kwenye mihogo ya nazi. Kasoma mpaka darasa la tatu, alituambia mwenyewe, halafu baba yake akaona inatosha.

Jumamosi ya kwanza tulidhani Mheshimiwa atatoa mhadhara. Hakutoa. Alimwita jirani yangu asimame na hati aliyokuja nayo, halafu akageukia dirishani akamwita mpishi.

"Mama, njoo ukae hapa. Huyu bwana atakusomea karatasi yake, mara moja tu. Akimaliza, utatusimulia imesema nini."

Mpishi akaja anajifuta mikono kwenye kanga. Jirani yangu akasoma mkataba wa kupangisha fremu ya duka, kurasa nne, kwa ile sauti yake ya Mahakama Kuu. Alipomaliza, mpishi akafikiri kidogo.

"Nimesikia kuna mtu kapanga fremu," alisema. "Mwenye fremu akitaka kumtoa, anamtoa. Mpangaji akitaka kutoka, hatoki. Sasa huyu kapanga au kafungwa?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Jirani yangu mwenyewe alicheka, japo masikio yalikuwa yamemwiva. Mheshimiwa peke yake hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akasema mtu asichoweza kukisimulia hajakikubali, ameweka dole tu, na kwamba kwa miaka yake yote ya kazi kesi nyingi za ardhi alizosikiliza hazikuzaliwa na wezi. Zilizaliwa na mawakili wanaosoma haraka.

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo. Unasoma, mpishi anasimulia, na pale simulizi lake linapokwama ndipo kosa lako lilipo. Halafu sote saba tunaiandika upya ile sehemu, anasomewa tena, mpaka asimulie sawasawa. Kuna kifungu kimoja cha mirathi tulikiandika mara sita. Katikati tunakula. Mihogo, kachumbari, chai ya mchaichai, na kalimati siku akiwa na furaha. Nilikuwa sijawahi kuwapenda wenzangu wa kazi. Tulikuwa tunagombania wateja, tunasengenyana, na kortini tunaitana ndugu huku tumekunja uso. Pale, mtu amesimama na kosa lake mkononi mbele ya mpishi, unamwona ni binadamu. Nazikumbuka sana zile asubuhi. Sijui kama nimewahi kuipenda kazi yangu namna ile kabla wala baada.

Lakini mimi nilikuwa mwoga. Jumamosi yangu ya kwanza nilikwenda na jalada lenye tarehe iliyokosewa. Ya pili nikaenda na lenye mpaka wa kiwanja uliopindishwa. Jumamosi ya tatu nikapeleka hati ambayo shahidi alisahau kusaini. Mheshimiwa akanitazama juu ya miwani.

"Wakili msomi, hiki ni kikohozi. Mimi nimeita wagonjwa."

Watu wakacheka, nami nikajichekesha. Moyoni nilijua alijualo. Jalada lenyewe lilikuwa ofisini kwangu, chini ya kabati la chuma, nyuma ya magazeti ya zamani, na lilikuwa pale kwa miaka mingi.

Mwaka wangu wa kwanza wa uwakili alikuja bibi mmoja wa Kaole. Mumewe kafariki, eda imekwisha, anataka kuuza shamba ahamie kwa binti yake Mlingotini. Alikuja na mnunuzi, mtu mstaarabu tu. Bibi akasema kabla hata hajakaa: anauza ardhi, lakini minazi mitano iliyoko upande wa njia haiuzi, ile ni ya vitovu vya wanawe.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Mtoto akizaliwa na kitovu kikakatika, kinazikwa, na juu yake unapandwa mnazi. Mnazi ule ni wake. Akikua anaonyeshwa, akioa au akiolewa nazi zake ndizo zinazopikiwa, na hata ardhi ikienda kwa mwingine, mnazi haufuati ardhi. Mwenye mti ataingia, ataangua, atatoka, na hakuna atakayemuuliza. Huku pwani mambo hayo hayaandikwi kwa sababu hakuna asiyeyajua. Mnunuzi naye aliyajua. Akasema, "Haina shida, bibi, njoo uangue wakati wowote."

Na mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi ni mtoto wa hapa. Mnazi wangu uko Mbegani, uani kwa bibi yangu mzaa mama, na utotoni nilichapwa kwa kuutupia mawe mnazi wa kaka yangu. Lakini ofisini siku ile nilikuwa na kompyuta mpya na ndani yake hati ya mfano niliyoinakili kwa wakili mkubwa wa Dar, nzuri, imepangika, na mimi nilitaka kazi yangu ifanane na ya Dar. Nikajaza majina, nikajaza mipaka, nikachapa. Nikawasomea mbio mbio. Hati ilisema shamba linauzwa pamoja na maendelezo yote, mimea na miti yote iliyomo juu yake, bila muuzaji kubakiza haki yoyote.

Bibi akauliza, "Na minazi?"

Nikamjibu, "Hiyo ni lugha ya kisheria tu, bibi. Si mmeshaelewana?"

Akaweka dole. Nilimfuta wino kwa karatasi laini, naukumbuka ule wino wa zambarau kwenye mistari ya kidole chake, na nikajiona nimemtendea wema.

Baada ya miaka miwili yule mnunuzi aliuza kwa mtu wa Dar, na mtu wa Dar alipewa hati yangu. Kasoma, kaona ni vyake vyote, kaweka mlinzi. Bibi alipokwenda na mkwezi wake akarudishwa njiani. Akaja kwangu. Hakuja kugombana. Alikaa kwenye kiti kile kile.

"Mwanangu," alisema, "wanangu wananiambia nimeuza vitovu vyao. Wamenuna, hawanijibu salamu. Waambie wewe uliyeandika."

Hilo tu ndilo aliloniomba, niwaambie wanawe. Na mimi, Mungu anisamehe, niliingiwa na hofu. Nikafikiria kulalamikiwa, nikafikiria leseni ambayo hata haijapoa mkononi. Nikafungua jalada, nikamsomea ule mstari, safari hii polepole, nikamwambia, "Bibi, maandishi ndiyo hayo. Ulisomewa, ukaweka dole."

Akakitazama kidole chake. Akasema, "Basi labda mimi ndiye sikusikia vizuri." Akajitanda kanga, akaaga vizuri, akaondoka. Tangu siku hiyo nikawa kila nikienda Kaole nazunguka njia ya mbali ili nisilipite lile shamba.

Jumamosi ya nne nilikwenda nalo. Sijui nini kilichonipa moyo. Labda ni kwa sababu mwezi uliotangulia mwenzetu mmoja alisimama na jalada lililomfukuzisha yatima nyumbani, akalia mbele yetu sote, na hakuna aliyeitoa habari hiyo nje ya kile chumba. Nilifuta majina kwa wino mweusi, nikasimama, mpishi akakaa, nikasoma.

Nilipomaliza, mpishi akaanza kusimulia.

"Kuna bibi kauza shamba," alisema, "na kila kilichoota ndani yake. Hakubakiza kitu." Halafu akamgeukia Mheshimiwa. "Naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Hakujaliwa watoto?"

Nikasema anao watano.

"Basi huyu hakuuza hivi," alisema mpishi. "Mwenye watoto hauzi hivi. Nani kaandika?"

Siku zote alipouliza hivyo watu walicheka. Siku hiyo hakucheka mtu. Nikasema ni mimi. Nikasimulia yote, na lile la kumwambia ni lugha ya kisheria tu, na lile la kumsomea mstari alipokuja kuniomba. Mpishi aliinamisha kichwa akawa anakunja pindo la kanga yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mheshimiwa hakunikemea. Afadhali angenikemea. Aliuliza, "Minazi bado imesimama?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Bibi yu hai?"

"Sijui."

"Hujui kama mteja wako yu hai, na umekuja hapa kutafuta alama." Akaichukua ile orodha ya mahudhurio akaiweka upande wake. "Leo hutasaini. Nenda kwanza ukajue."

Lakini hakunifukuza. Tulikaa mpaka alasiri, wote saba, tunaandika kifungu cha kubakiza: miti ya vitovu, makaburi, njia ya kisimani, haki ya kuingia na kutoka. Tulikiandika, mpishi akakwama, tukakiandika, akakwama. Mara ya tano akasimulia bila kusita, tena akaongeza: "Na mkwezi je? Mimi siwezi kupanda mnazi." Tukaongeza mkwezi. Kifungu kile bado kiko kwenye hati za mawakili wote wa mji huu, na mtu asijiulize kilitoka chuo gani.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda Kaole kwa njia ya karibu. Nikaisimamisha gari mbele ya geti, nikahesabu. Minne. Nikahesabu tena. Mnazi wa tano ulikuwa umekatwa kupisha geti, kisiki chake kimewekwa chungu cha maua. Mlinzi akanipa namba ya mwenye shamba. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikapanga vifungu kichwani, nikapiga. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani ni minazi tu," alisema. "Mbona hakuna aliyeniambia? Mwambie bibi aje. Wewe andika, mimi nitasaini."

Dakika sita. Miaka yote ile, na ilikuwa ni simu ya dakika sita. Nilikaa ndani ya gari nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

Nikaandika makubaliano ya minazi minne. Nikaandika na karatasi ya pili, ambayo hakuna aliyeniomba isipokuwa yule bibi zamani: kwamba mimi ndiye niliyeandika hati ile, kwamba bibi alisema mbele yangu minazi haiuzi, kwamba nilimsomea haraka na alipouliza nikamnyamazisha. Jirani yangu alipoiona alinifungia mlango wa ofisi yake. "Dada, ukimpa mtu karatasi hii, umejipeleka mwenyewe kwenye kamati ya nidhamu." Alisema kweli, na alisema kwa kunipenda. Nikampelekea Mheshimiwa. Aliisoma amesimama kati ya bata wake, akatoa kalamu, akafuta maneno matatu tu. Nilikuwa nimeandika "kwa bahati mbaya". Akanirudishia, akasema sasa inasomeka.

Mafunzo yetu yaliisha baada ya zile Jumamosi sita. Tulitaka kuendelea mwaka uliofuata, lakini Mheshimiwa alianza kuugua miguu, halafu moyo, halafu tukamzika kwao, na mpishi aliyepika hitma ni yule yule. Nyumba ya wageni siku hizi imekuwa ghala la saruji. Wenzangu wawili wamehamia Dodoma. Mafunzo yakaenda mtandaoni, nami nikaenda jikoni. Ile alama ya Jumamosi ya nne sikuipata mpaka leo, na mwaka ule nilipita kwa tundu la sindano. Wala hakuna aliyenipeleka kwenye kamati. Ila nirudi kwa yule bibi, kwa binti yake Mlingotini, nilikompelekea zile karatasi mbili.

Nilikwenda asubuhi. Niliuliza, nikaonyeshwa nyumba ya binti. Binti mwenyewe, mwanamke mtu mzima, alikuwa uani anapara samaki. Nikamwambia namtafuta mama yake. "Yuko ndani," alisema bila kuinua kichwa. Hakuuliza mimi ni nani wala hakumwita mama yake. Nilibisha hodi mwenyewe.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kazeeka, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ni nani?"

Nikamwambia mimi ni nani. Akasema, "Aa. Wakili," akanikaribisha tena, na akaomba radhi kwamba hana hata chai ya kunipa kwa sasa. Nikakaa chini karibu naye. Nikaona nianze na lililo zito. Nikamwambia mnazi mmoja umekatwa, ule wa karibu na geti.

Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Huo ni wa mwanangu wa tatu," alisema. Akabaki na kile kidole cha tatu amekishika.

Halafu nikamsomea. Sijawahi kusoma polepole namna ile, hata Kurani. Nikasoma makubaliano, nikasoma na ile karatasi yangu. Nilipomaliza nikamwambia kama tulivyofundishwa: "Bibi, nisimulie nimesema nini."

"Umesema naweza kwenda kuangua," alisema, "mimi na wanangu na wajukuu, na mkwezi wetu. Umesema minazi iko minne. Umesema mimi nilisema siuzi." Akasita. "Nilisema?"

"Ulisema, bibi. Kabla hujakaa. Mimi nilikusikia."

"Kumbe nilisema," alisema, kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe. "Nimekaa miaka yote najua sikusema. Nikawa nawaambia labda nilisahau, labda ni huzuni ya baba yenu. Kumbe nilisema."

Nikamwambia nisamehe, bibi. Alinyoosha mkono akaichukua ile karatasi iliyokuwa mapajani mwangu, akaipapasa, akanirudishia.

"Mimi usinisomee tena," alisema. "Mwite huyo aliye uani. Msomee yeye."

Nikamwita. Alikuja na magamba ya samaki mikononi, akasimama mlangoni, uso umefungwa. Nikaanza tangu mwanzo. Nilipofika pale pasemapo kwamba mama alisema minazi haiuzi, kwamba nilimsomea haraka na alipouliza nikamnyamazisha, yule binti akaingia ndani, akakaa mkekani ubavuni kwa mama yake, mikono ameiinua asije akamchafua.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.